Sikio la Mtoto Linapotoa Usaha

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua.)

 Maneno haya unaweza pia kuyasoma kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni. Leo karatasi ina kazi kuliko redio, kwa sababu tunazungumza juu ya sikio, na wapo kati yenu ambao redio hawaisikii. Ukimaliza kusoma, mwonyeshe jirani.

Milango ya fahamu ni mitano, kila mtoto wa shule anaijua: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Tutaipitia yote wiki kwa wiki. Tunaanza na sikio kwa sababu moja tu: katika maisha ya kambi, huu ndio mlango unaoharibika kimya kimya, na mara nyingi uharibifu huo ungezuilika.

Kama umewahi kupanda basi kutoka bonde la Bugarama kwenda Kigali, sikio lako limekwisha kukufundisha somo la kwanza. Bugarama iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Basi linapanda, linapita mashamba ya chai, linaingia msitu wa Nyungwe ambako barabara inapita mita 2,000. Katikati ya njia masikio yanaziba. Unasikia watu kama wanaongea ndani ya mtungi. Unameza mate, au unapiga miayo, na ghafla yanazibuka.

Kitu gani kilifunguka? Tundu unaloliona kwa nje ni njia fupi tu. Kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2 na nusu. Mwisho wake kuna ngozi nyembamba iliyovutwa kama ngozi ya ngoma. Tunaiita kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina mlango wa nyuma: mrija mwembamba unaoshuka mpaka kooni, nyuma ya pua. Unapomeza mate mrija unafunguka, hewa ya chumbani inalingana na hewa ya nje, na kiwambo kinarudi mahali pake.

Ndani ya chumba hicho wamo mafundi watatu, mifupa midogo iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Sauti inapiga kiwambo, kiwambo kinatikisa nyundo, nyundo inatikisa fuawe, fuawe inasukuma kikuku. Kikuku ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini mwako. Urefu wake ni kama milimita 3, hata punje ya mchele wa Bugarama inaushinda.

Sasa tumwangalie mtoto. Ule mrija wa kooni, kwa mtoto mdogo, ni mfupi na umelala karibu sawasawa, haujashuka kama wa mtu mzima. Mtoto akipata mafua, vijidudu vinatembea kutoka kooni hadi sikioni bila kupanda mlima wowote. Chumba kinajaa maji, maji yanakuwa usaha. Mtoto analia usiku, anavuta sikio, ana homa. Baada ya siku moja au mbili usaha unatoboa kiwambo na kumwagika nje. Maumivu yanapungua, mtoto analala, mama anasema ashukuriwe Mungu, amepona.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kiwambo kimetoboka. Kikitunzwa, mara nyingi kinajifunga chenyewe baada ya majuma machache. Kisipotunzwa, sikio linaendelea kutoa usaha mwezi baada ya mwezi, na ile mifupa mitatu inaweza kuliwa polepole. Na kambini sababu za mafua haziishi: watu wengi katika chumba kimoja, moshi wa kuni, baridi ya milimani. Moshi wa kuni na wa sigara unaudhi pua na koo la mtoto. Ukiweza kupikia nje ya mahali anapolala, umemsaidia sana. Na mtoto wa ziwa la mama, mnyonyeshe akiwa ameinua kichwa kidogo, asilale chali kabisa.

Basi, sikio linatoa usaha. Ufanye nini? Kwanza mpeleke kituo cha afya. Usaha wa siku chache unatibiwa kwa dawa ya kumeza. Usaha uliofikisha majuma mawili kwa kawaida unahitaji dawa ya matone. Muuguzi ndiye anayeamua. Ukipewa dawa ya siku tano, mpe siku tano, hata kama siku ya pili mtoto anacheza.

Pili, kausha sikio. Kazi hii ni ya nyumbani, na bila hiyo dawa haifiki inakotakiwa. Chukua kitambaa cha pamba kinachonyonya maji, kilichofuliwa na kukaushwa juani. Kipande cha kikwembe cha zamani kinafaa, kama ni pamba kweli. Kisokote kiwe kama utambi wa taa. Nawa mikono. Ingiza utambi taratibu sikioni, uache unyonye, utoe ukishalowa, weka mwingine. Endelea hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Fanya mara tatu kwa siku. Utambi uliotumika utupe, na usiache wowote umekaa ndani ya sikio. Kama umepewa matone, yatie baada ya kukausha. Siku hizo mtoto asiogelee Kivu, na akiogeshwa maji yasiingie sikioni.

Watu wana dawa zao: mafuta ya moto, maji ya majani, maziwa ya mama, hata mkojo. Sizidharau nia za bibi zetu, lakini katika sikio lililotoboka kila unachomimina kinapita kiwambo na kuingia chumbani. Usitie.

Zipo dalili za kutosubiri hata usiku mmoja. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, unaosukuma sikio mbele. Shingo kukakamaa. Mtoto kulegea au kusinzia kupita kawaida. Uso kupinda upande mmoja. Mfupa ulio nyuma ya sikio uko karibu na ubongo, na usaha unaweza kufika huko. Mtoto huyo ni wa hospitali. Hapa Rusizi zipo Gihundwe na Mibilizi. Walio kambini waanzie kwa wahudumu wa kambi ili wapewe barua na usafiri.

Neno dogo kuhusu vitu vinavyoingia. Nta ya sikio si uchafu. Inanasa vumbi na inatoka yenyewe kadiri unavyotafuna na kuongea. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na kifuniko cha kalamu vinaisukuma ndani zaidi. Na mtoto akijitia haragwe sikioni, usimwage maji, kwa sababu haragwe litavimba kama linavyovimba kwenye sufuria. Mpeleke kituoni likiwa kavu.

Walimu, hapa nawasemesha ninyi. Mtoto aliyetoka Kongo alikuwa akisoma kwa Kifaransa na kucheza kwa Kiswahili. Hapa Rwanda anakuta Kiingereza darasani na Kinyarwanda uwanjani. Hajibu swali, nanyi mnasema ni lugha, itamjia. Huenda ni lugha. Huenda pia chumba cha sikio kimejaa maji, na sauti yako inamfikia kama ile ya ndani ya mtungi. Simama nyuma yake, hatua moja, asikuone mdomo. Mzibe sikio moja kwa kidole, umnong'oneze neno analolijua kwa lugha ya nyumbani kwao, arudie. Kisha sikio la pili. Asiporudia, mketishe mbele na umwite mzazi. Nimeona watoto wakiitwa wakaidi kwa miaka, na fimbo juu yake, kumbe hawajasikia.

Nyuma ya kikuku kuna sehemu ya mwisho, imejikunja kama konokono, imejaa maji. Ndani yake zimo chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa habari kwa ubongo. Jirani yake kuna mirija mitatu iliyopinda, ya kukuwezesha kusimama bila kuanguka. Kiwambo kinaweza kupona. Vinyweleo hivi vikifa havioti tena.

Mlio wa bomu au wa bunduki karibu na kichwa unaviua, na wengi wenu mliupitia. Kama tangu siku ile sikio linalia kama nyenje au husikii vizuri, mweleze muuguzi. Hujarogwa wala huna wazimu. Zipo pia sindano, kama gentamaisini na streptomaisini, zinazookoa maisha zikitolewa kwa kipimo, na zinazoua usikivu zikizidi. Usinunue sindano sokoni. Surua, rubela na homa ya uti wa mgongo nazo zinaacha watu viziwi. Rwanda inachanja surua na rubela pamoja tangu mwaka 2013, na chanjo ya nimonia, ambayo inapunguza pia usaha wa sikio, tangu 2009. Ulipovuka mto bila kadi ya chanjo, sema wazi kituoni kwamba kadi imepotea. Mtoto atachanjwa.

Wiki ijayo, saa ile ile, ni zamu ya jicho. Waliopewa miwani wasije bila miwani.

(Muziki.)