SIRI YA MGONJWA NI KINGA YA KIJIJI



Leo tunazungumza juu ya UKIMWI na haki za binadamu. Labda mtu atauliza: ugonjwa na haki vinahusiana nini? Vinahusiana sana.

Wagonjwa wa kwanza nchini kwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu walishikwa na hofu, na hofu ikaleta maneno makali. Maneno hayo tunayasikia mpaka leo vilabuni na kisimani. Eti watu wote wapimwe kwa lazima, halafu majina ya wenye virusi yabandikwe ofisi ya kijiji, wengine wajihadhari. Maneno haya yanaonekana yana akili. Lakini hebu tuyapime.

Kwanza, mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa na virusi visionekane, maana huchukua majuma kadhaa kuonekana. Kwa hiyo orodha ile itadanganya. Ambaye jina lake halimo atajiona salama, na wenzake watamwamini.

Pili, mtu akijua jina lake litabandikwa, atajificha. Asiyepimwa hapati dawa. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure tangu mwaka 2004. Anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, na akaendelea kuzimeza, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Sasa nani anakilinda kijiji? Ni huyu anayemeza dawa bila woga, siyo yule aliyejificha.

Tatu, tumtazame mama mjamzito. Yeye hupimwa kliniki, mara nyingi kabla ya mumewe. Habari zikivuja, huambiwa ndiye aliyeleta ugonjwa. Wengine hupigwa, wengine hufukuzwa pamoja na watoto. Mama mwingine akiona hivyo ataogopa kliniki, na mtoto wake atakosa kinga. Hapo siri iliyovuja imemwumiza hata mtoto ambaye hajazaliwa.

Mambo haya yalijulikana zamani. Dakta Jonathan Mann, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Kinshasa, aliongoza mpango wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani. Alifundisha kwamba kuwatenga wagonjwa kunaueneza ugonjwa. Mwezi Mei 1988 mkutano mkuu wa shirika hilo ulizitaka nchi zote zisiwabague wenye virusi.

Na sisi tunayo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008. Inasema kupima ni kwa hiari, isipokuwa mahakama ikiamuru, na katika mambo mengine machache yaliyotajwa. Majibu ni siri. Kumbagua mwenye virusi ni kosa. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye virusi amwambie mwenzi wake mara moja, wala asimwambukize mtu kwa makusudi. Haki na wajibu ni mapacha.

Basi tukirudi nyumbani tufanye haya:

1. Mume na mke waende kupima pamoja.
2. Ukimkuta jirani zahanati, usimwulize amefuata nini, wala usitangaze.
3. Mhudumu akitoa siri ya mgonjwa, tusicheke. Tupeleke malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya.
4. Kiongozi akitaka orodha ya majina, tumkumbushe sheria kwa heshima.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakaelewa, kisha wakachimba vyoo. UKIMWI nao unataka watu walioelewa. Anayejificha hafundishiki wala hatibiki.