Kufungua Buti la Gari Bila Kutumia Mikono

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotembelea Eastlands, Nairobi)

Tumeombwa tuwaeleze jinsi tulivyotengeneza kifaa cha kufungua buti la gari bila kutumia mikono. Najua wengine mnasema moyoni, "Sisi hata gari hatuna!" Ngojeni kidogo. Mambo tuliyojifunza yatawafaa hata kama mnatengeneza mlango wa banda la kuku.

Kikundi chetu ni cha akina mama wapishi na vijana wachache. Alfajiri tunapika githeri, wali na maharagwe, halafu tunawapelekea wafanyakazi wa mijengo. Chakula tunakibeba kwa Toyota Corolla kuukuu tuliyonunua kwa pesa za kuchanga.

Asubuhi moja ya mvua, mama mmoja alifika kwenye gari na sufuria ya maharagwe iliyotoka motoni. Buti limefungwa, dereva hayupo, na chini ni matope matupu. Akaegemeza sufuria kwenye bampa, akaishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta ufunguo. Sufuria ikateleza, mchuzi wote ukamwagikia mguu wake. Jambo moja tulilofanya vizuri siku hiyo ni kumwagilia ule mguu maji safi ya baridi kwa dakika 20 kabla ya kumpeleka kwa daktari. Hatukupaka unga wala dawa ya meno. Lakini alikaa wiki sita bila kazi, na sisi tukaona haya, maana kila siku sote tulikuwa tunafanya vile vile.

Basi vijana wakasema, tutengeneze kitu cha kukanyaga. Wazo hili si geni kwenu. Wakati wa Korona mwaka 2020, vijiji vingi vilikuwa na mitungi ya kunawia mikono ya kukanyaga kwa mguu. Mtoto wa Bungoma wa miaka 9, Stephen Wamukota, aliunda ya kwake kwa mbao akatunukiwa nishani ya Rais mwezi wa Juni mwaka huo. Nasi tukachukua kebo ya breki ya baiskeli, tukaifunga kwenye kitasa cha buti, tukaiteremsha hadi kwenye kikanyagio chini ya bampa. Ukikanyaga, buti linafunguka. Tulipiga makofi!

Furaha yetu haikumaliza mwezi. Kwanza, siku moja tuliruka tuta, kebo ikavutika, na buti likafunguka gari likiwa mbio. Sahani na chapati zikabaki barabarani. Tunashukuru hapakuwa na pikipiki nyuma. Pili, watoto wa mtaa waligundua kile kikanyagio, na baada yao wezi pia. Tukapoteza gunia la unga. Kikanyagio hakimjui mwenyewe, kinamfungulia kila mwenye mguu.

Jambo la tatu tuliambiwa na yule mama, aliporudi kazini. Alikitazama kikanyagio, akasema, "Nani kati yenu amewahi kusimama kwa mguu mmoja kwenye matope, ameshika sufuria ya moto?" Tukanyamaza. Tulitengeneza kifaa kwa ajili yake bila kumwuliza hata neno moja.

Basi tulianza upya, na safari hii yeye ndiye aliyetuongoza. Alitaka miguu yake yote miwili ibaki chini. Akaonyesha goti lake na bampa: vinalingana kwa urefu. "Niguse kwa goti tu," akasema. Fundi wetu naye akakumbuka sumaku.

Sasa sikilizeni namna kifaa kinavyofanya kazi.

1. Ndani ya buti tulifunga mota ndogo ya volti 12, ile ya kufunga milango ya gari yote kwa pamoja. Mota za zamani zinapatikana kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries. Mota inavuta mkono wa kitasa. Kabla ya kununua, vuta ule mkono kwa kidole. Ukiwa mgumu, usafishe na uutie mafuta, maana mota hizi hazina nguvu nyingi. Mota ikisukuma badala ya kuvuta, badilisha nyaya zake mbili.

2. Nyuma ya ngozi ya plastiki ya bampa, kwenye kona, tulibandika swichi ya sumaku. Ni ile inayowekwa kwenye milango ya maduka kwa ajili ya kengele ya wezi. Sumaku ikikaribia, swichi inaunga umeme, ikiondoka, inakata. Sumaku hupita plastiki bila shida, lakini chuma huivuruga, kwa hiyo jaribuni mahali kadhaa kabla ya kubandika.

3. Sumaku yenyewe tuliitoa kwenye spika iliyoharibika, tukaishonea mfukoni ndani ya aproni, pale kwenye goti. Asiye na aproni hiyo hata apige bampa mateke, buti halifunguki.

4. Swichi ya sumaku ni nyonge, haiwezi kubeba umeme wa mota. Kwa hiyo swichi inaamsha rilei, na rilei ndiyo inayopeleka umeme kwa mota. Waya kutoka betri lazima upitie fyuzi ya ampia 10 iliyo karibu na betri. Rilei isiyo na diodi ndani, fundi aiwekee, la sivyo swichi itaungua mapema.

5. Tuliongeza rilei ya pili, yenye pini 5. Ufunguo ukishawasha gari, rilei hii inakata njia ya ile ya kwanza. Hivyo gari likiwa safarini, hata ukiweka sumaku kwenye bampa, buti halitikisiki. Tuta limeshindwa!

Magari mapya ya bei kubwa hufuata mawazo haya haya. Ford Escape iliyotoka mwaka 2012 ilifungua mlango wa nyuma ukipitisha mguu chini ya bampa, lakini ni lazima uwe na ufunguo wa gari hilo mfukoni.

Tuna maonyo machache. Gusa bampa mara moja, uondoke. Ukiliegemea, mota itaungua. Tuliweka swichi kwenye kona, si katikati, ili kifuniko kikiinuka kisipige sufuria wala kidevu. Kifuniko kisipoinuka chenyewe, mwachieni fundi, maana zile springi zake zina nguvu ya kuvunja vidole. Ufunguo wa kawaida uachwe ukifanya kazi, kwa sababu betri ikifa mtahitaji kufungua kwa mkono. Na mtu aliyewekewa kifaa cha moyo kifuani asivae aproni ya sumaku.

Onyo kubwa ni la watoto. Kitu kinachofunguka kirahisi, watoto wataingia ndani kucheza, na kifuniko kikifungwa hawana pa kutokea. Marekani, katika majira ya joto ya 1998, watoto 11 walikufa ndani ya buti za magari. Ndipo sheria ikatungwa kwamba magari mapya yenye buti, kuanzia Septemba 2001, yawe na mkono wa kufungulia kutoka ndani. Gari letu halikuwa nao. Tulifunga kamba nyeupe kwenye kitasa, upande wa ndani, tukawafundisha watoto wa plotini kuivuta. Kamba hiyo ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote tulivyoweka.

Yule mama sasa ndiye wa kwanza kufika kwenye gari kila alfajiri. Leo mtamwona akipakia. Msimwonee haya, mwulizeni maswali, maana kifaa ni chake.

Kabla hatujaenda kuliona gari, vikundi vijadiliane maswali haya:

- Ni kazi gani katika kikundi chenu inayofanywa kila siku kwa njia ya hatari, na mmeizoea?
- Ni nani anayeumia zaidi katika kazi hiyo, na mara ya mwisho mlimwuliza lini angependa ifanywe vipi?
- Kifaa mlicho nacho kinaweza kumdhuru nani ambaye si mwanachama, hasa mtoto?

Twendeni nje.