Ladha ya Riwaya ya Fantasia na Utenzi wa Kihistoria: Mtazamo kutoka Kagondo



1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu dhamira, itikadi na muundo. Ladha inayomfanya msomaji afungue kitabu pasipo kusukumwa na mtihani imeguswa kwa uchache. Mhadhara huu unaichunguza ladha hiyo katika tanzu mbili zinazodhaniwa kuwa mbalimbali: riwaya fupi ya fantasia na utenzi wa kihistoria. Kitovu cha mjadala ni Kagondo, jina linalopatikana Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Je, msomaji wa huko anayezipenda tanzu zote mbili ana ladha mbili, au moja?

2. Urithi wa Nanga

Jibu linaanzia kwa watambaji wa Kihaya. Mtambaji hupiga mwenyewe nanga, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa, huku akiimba utendi. M. M. Mulokozi alizichunguza kwa kina tendi hizo katika tasnifu yake ya 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mapokeo hayo Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, anaishi jirani na watawala na mashujaa. Fantasia na historia hukaa mkeka mmoja. Mulokozi mwenyewe aliendelea kuitumia historia: baada ya diwani ya Malenga wa Bara (1976), aliyoitunga pamoja na K. K. Kahigi, aliandika Ngome ya Mianzi (1990), hadithi ya vijana kuhusu Wahehe na ukoloni wa Kijerumani.

3. Fantasia

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa hilohilo, alichapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hakuna inayofikisha kurasa 100, lakini wasomaji wengi wamelalamika kuwa ni ngumu. Katika Nagona wanafalsafa waliokufa karne mbalimbali wanakutana. Katika Mzingile dunia inateketea, kisha maisha yanatafutiwa mwanzo mpya. Anayedai kila tukio lithibitike atachoka mapema. Anayekubali kwanza masharti ya ulimwengu huo, kisha akauliza unamwambia nini, huonja utamu wake. Msikilizaji wa Mugasha alikuwa na stadi hiyo tangu zamani.

4. Utenzi wa Kihistoria

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Alifuata njia iliyokwisha kupitwa na Hemedi Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga ule wa Maji Maji.

Hapa pana tatizo la kimaadili. Msomaji wa Kagera anawezaje kuburudika kwa vina vinavyosimulia vita vilivyowaua na kuwahamisha watu wa mkoa wake? Wako watakaosema kuwa burudani hiyo ni utovu wa heshima. Hoja hiyo inasahau kazi ya arudhi. Mizani minane ya kila kipande na kina cha bahari kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti huyapa maumivu mpangilio unaoweza kubebwa kichwani na kusomwa mbele ya wengine. Taarifa ya vita huhifadhiwa kabatini. Utenzi huhifadhiwa kinywani. Burudani ndiyo inayoirudisha kumbukumbu hiyo ulimini mara kwa mara, na kwa hiyo ndiyo inayowaheshimu waliokufa.

5. Hitimisho

Ladha hizi ni moja. Fantasia humzoeza msomaji kuingia katika ulimwengu ambao haujawahi kuwapo. Utenzi humwingiza katika ule uliokwisha kutoweka. Vyote viwili havionekani kwa macho, navyo humhitaji msomaji aliye radhi kuvikaribisha. Darasa linalofundisha Nagona kwa orodha ya dhamira, na utenzi kwa orodha ya tarehe, humfaulisha mwanafunzi na kumpoteza msomaji. Basi utenzi na usomwe kwa sauti darasani kabla ya kuchambuliwa, na hadithi ifurahiwe kabla ya kuulizwa maswali. Mtambaji wa nanga hakuwauliza wasikilizaji wake dhamira kabla hajakaza nyuzi.