Mshahara wa Ugenini Uwe kwa Jina Lako

(Mazungumzo yaliyotolewa Amu mbele ya wanachama na jamaa zao)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja, nalo ni benki. Wako watakaouliza, "Benki yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu sana. Ni shida leo kuupata mtaa hapa Amu, au mji huko Pate, Siyu, Faza au Kizingitini, usio na mtu aliyekwenda Arabuni kutafuta riziki. Wengine wamo majumbani, wengine ni walinzi, wengine madereva. Wote wanafanya kazi ili walipwe, basi yafaa tujue malipo hayo yanapita njia gani.

Wazee wetu nao walikwenda Ghuba. Walikwenda na majahazi, wakapeleka boriti za mikoko za kujengea nyumba, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mtu akiwa na fedha za kuleta nyumbani alimpa nahodha. Nahodha alijulikana kwake, na msikiti anaosali ulijulikana. Yeye ndiye aliyekuwa benki, na yeye ndiye aliyekuwa shahidi. Leo mfanyakazi hupanda ndege, hupokewa na mtu asiyemjua, hupelekwa katika nyumba asiyoijua. Nahodha hayupo. Shahidi ni nani basi? Wahenga walikwisha kutujibu: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuliwahi kuletewa shauri la dada mmoja wa visiwa hivi. Alifanya kazi ya nyumbani miaka miwili. Bibi mwenye nyumba alimwambia, "Mshahara wako nitakuwekea mimi, utauchukua wote siku ya kurudi kwenu." Yeye akaona huo ni wema. Siku ya kurudi alipewa mishahara ya miezi mitano na tikiti, akaambiwa mingine alikwisha kupokea. Tulimwuliza kama ana karatasi yoyote. Hakuwa nayo. Karatasi ya pekee aliyotia sahihi ilikuwa ya Kiarabu, na hakujua imesema nini. Tuliandika barua, tukaenda ofisi hii na ile, na kila mahali swali lilikuwa lile lile: ushahidi uko wapi? Fedha zile hatukuzipata mpaka leo. Haki alikuwa nayo. Ushahidi hakuwa nao.

Serikali za huko nazo zimeuona ubaya huu. Falme za Kiarabu mwaka 2009, Saudia mwaka 2013 na Qatar mwaka 2015 zilianza utaratibu wa kuwataka matajiri wapitishe mishahara benki, ili serikali iweze kuona nani amelipa na nani hakulipa. Lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakutiwa humo tangu mwanzo. Saudia ilianza kuwatia tarehe 1 Julai 2024 kwa mikataba mipya, kisha ikaendelea kwa awamu, na awamu ya mwisho ikapangiwa Januari 2026. Tena uko Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi la Ulimwengu, wa mwaka 2011. Mkataba huo wasema mfanyakazi wa nyumbani alipwe yeye mwenyewe, angalau mara moja kila mwezi, na wasema pia kwamba ana haki ya kukaa na pasi yake. Basi anayekwambia "nitakuwekea" hafuati desturi yoyote nzuri ya kazi.

Sasa tuyapange mambo moja moja.

Kwanza, kabla ya safari. Fungua akaunti yako hapa nyumbani, na jina liwe sawasawa na la pasi. Sisi twayajua majina yetu. Kitambulisho chasema Mohamed, pasi yasema Muhammad, benki imeandika Mohammed. Kwa mama mzazi huyo ni mtoto mmoja. Kwa mashine ya benki ni watu watatu, na fedha zaweza kurudishwa zilikotoka. Taabu ya kutafuta kitambulisho katika visiwa vyetu hatuna haja ya kuisimulia, kwa hiyo anza mapema. Safiri na namba ya akaunti, jina la tawi, na alama za kimataifa za benki yako, zile ziitwazo SWIFT. Anayechelea riba ajue kwamba benki za Kiislamu zimekuwako Kenya tangu mwaka 2008. Na anayeogopa benki kufilisika ajue kwamba tangu mwaka 2020 akiba ya kila mwenye akaunti imekingwa na Shirika la Bima ya Amana mpaka Shs. 500,000/-.

Pili, ukifika huko. Mgeni ni kuku mweupe, haingii mahali bila kutazamwa. Benki itakuuliza kibali cha ukaazi, ambacho Saudia chaitwa iqama, na pasi, na aghalabu mkataba wa kazi na namba ya simu ya huko. Iqama hutolewa kwa njia ya tajiri wako. Kwa hiyo tajiri anayekawia kuitoa amekawia pia kukufungulia mlango wa benki. Uliza mapema, tena kwa adabu, wala usichoke kuuliza. Utapewa namba ndefu ya akaunti, iitwayo IBAN. Ya Saudia huanza na SA, na jumla yake ni herufi na tarakimu 24. Ya Falme za Kiarabu huanza na AE, nayo ni 23. Zihesabu. Benki za Kenya hazitumii namba ya namna hiyo, basi ukiulizwa IBAN ya nyumbani usihangaike: toa namba ya akaunti na zile alama za SWIFT.

Tatu, kadi. Hapa tunaomba mtusikilize sana. Kadi ya benki na namba yake ya siri vikae kwako, visikae kwa tajiri, wala kwa wakala, wala kwa msimamizi. Tumepata kuona wafanyakazi wa kampuni moja ambao mishahara yao iliingia benki kila mwezi, kwa majina yao, bila kukosa. Lakini kadi zote zilikuwa katika mtoto wa meza wa msimamizi. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye mashine, akawagawia alichotaka. Walipolalamika, wakaonyeshwa daftari la benki: mmelipwa kamili! Mwaona hatari yake? Daftari lililopasa kumtetea mfanyakazi likamtetea aliyemnyang'anya. Akaunti ambayo kadi yake iko kwa mwingine ni mbaya kuliko kukosa akaunti. Na wewe pia usimwazime mtu akaunti yako apitishie fedha zake, hata awe rafiki. Zikiwa fedha za wizi, polisi watalitafuta jina lako.

Nne, kutuma nyumbani. Gharama ni mbili. Moja ni ada, nayo huandikwa. Ya pili imejificha katika bei ya kubadili fedha. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986, riyali 3.75 kwa dola moja. Kwa hiyo duka mbili zikikupa shilingi mbalimbali siku moja, tofauti ni faida yao. Usiulize "ada ni kiasi gani?" peke yake. Uliza, "Nikitoa riyali 1,000, nyumbani zitafika shilingi ngapi?" Uliza mahali pawili au patatu. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imetusaidia: mama aliye Kizingitini hangoji tena maji yajae Mkanda apate kuja benki Amu. Lakini usitume zote kwa simu. Za matumizi ya nyumba ziende kwa simu. Za akiba ziende katika akaunti yako mwenyewe. Hatumtukani mume wala kaka wa mtu. Twasema tu kwamba fedha zikifika nyumba yenye haja, haja huzimaliza, na aliyezitokea jasho hurudi akakuta hana kitu.

Tano, kurudi. Iqama ikiisha muda wake, benki huweza kuisimamisha akaunti. Na namba za siri za kila mara hupelekwa kwa ile simu ya huko. Laini ikikatika, umefungiwa nje ya fedha zako. Basi fuata utaratibu: dai mshahara wa mwisho, omba benki taarifa ya miezi yote yenye mhuri, hamisha fedha, lipa deni lolote la benki, funga akaunti, na laini ya simu iwe ya mwisho kabisa.

Twajua ziko nyumba ambazo mfanyakazi haruhusiwi kutoka hata mlangoni, seuze kwenda benki. Aliye katika hali hiyo aandike katika daftari la shule tarehe na kiasi cha kila alichopewa na ambacho hakupewa, na kila mwezi ampelekee jamaa yake picha ya ukurasa huo. Ni shahidi mdogo, lakini ni shahidi.

Ndugu zetu, chama kinaomba mambo mawili. Kila anayesafiri aache kwa jamaa anayemwamini, na katika chama, nakala ya mkataba, pasi na namba ya akaunti. Na kila mzazi, kabla ya kumwuliza mtoto "Umetuma nini?", amwulize kwanza, "Kadi yako iko kwa nani?" Dada yetu yule angaliulizwa swali kama hilo mwezi wa kwanza, huenda asingalipoteza miaka miwili.

Umoja ni nguvu.