Programu za Simu: Je, Zastahili Bei Yake?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao wa Homa Bay na Migori. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale walio zamu wasioweza kufika.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza. Hizi programu za simu za kisasa, hasa zile za bei kubwa, je, zastahili fedha tunazozitolea? Au ni mfuko mwingine uliotobolewa katika suruali ya mfanyakazi? Swali hili si la watu wa Nairobi peke yao. Mama anayeuza omena Mbita ana simu. Kijana wa bodaboda wa Awendo ana simu. Sisi wa reli tulio mbali na nyumbani, simu ndiyo barua yetu, ndiyo benki yetu, na mara nyingine ndiyo mwalimu wa watoto wetu. Basi yatupasa kujua twalipa nini.

Sisi tuliozaliwa pande hizi twaifahamu sana habari ya nauli. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Lakini haikufika Homa Bay wala Migori. Mzee aliyetaka kwenda Nairobi alilipa kwanza chombo cha kumfikisha Kisumu, akalipa chakula na mahali pa kulala, ndipo akakata tikiti ya treni. Wazee wetu walijifunza mapema kwamba bei iliyoandikwa kwenye tikiti siyo bei yote ya safari. Neno hili tulishike, maana ndilo tutakalolirudia.

Kwanza tuziangalie programu zenye bei iliyo wazi. Mwaka 2008, mara tu baada ya kampuni ya Apple kufungua duka lake la programu, mtu mmoja aitwaye Armin Heinrich aliweka dukani programu iitwayo I Am Rich, maana yake "Mimi ni Tajiri". Bei yake ilikuwa dola 999.99, zaidi ya shilingi 60,000 za wakati ule. Nayo ilifanya kazi gani? Ilionyesha jiwe jekundu linalong'aa. Basi! Haikuhesabu, haikuandika, haikupeleka habari. Watu 8 waliinunua kabla Apple haijaiondoa siku iliyofuata. Mnacheka, lakini kumbukeni: bei kubwa si ushahidi wa kazi kubwa.

Sasa tazameni upande wa pili. WhatsApp ilikuwa na ada ya senti 99 za Kimarekani kwa mwaka, yaani kama shilingi 100 hivi, mpaka ada hiyo ilipofutwa mwaka 2016. Mama wa Mbita akipiga picha ya magunia yake, akampelekea mnunuzi wa Kisumu, akapatana bei kabla ya kulipa gari, ameokoa nauli ya siku moja inayozidi ada ile ya mwaka mzima. Hata leo kama ingetozwa shilingi 100 kwa mwaka, hatudhani kuna mtu hapa angeiita ghali.

Mfano mwingine wa hapa kwetu Kenya ni iCow ya Su Kahumbu, iliyoshinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010. Ilimpelekea mfugaji mashauri juu ya ng'ombe wake kwa ujumbe mfupi, hata katika simu ndogo ya vitufe. Mwenye ng'ombe akipata neno moja la kumwokolea ndama, amerudishiwa fedha zake mara nyingi. Kwa hiyo hatusemi kwamba kulipia programu ni upumbavu. Mtu aliyeitengeneza amefanya kazi, na sisi wa chama cha wafanyakazi hatuwezi kudai ujira wetu huku tukimnyima mwingine wake.

Basi tupime kwa nini? Twapendekeza maswali 3.

La kwanza: Bei yote inajulikana kabla ya kulipa? Programu yaweza kuwa ya shilingi 300, lakini ikala bando kila siku, kisha ikafunga mlango wa ndani na kudai shilingi 500 nyingine. Hiyo si bei, hiyo ni chambo.

La pili: Italeta zaidi ya itakachochukua? Pimeni kwa saa za kazi, msipime kwa shilingi tu. Kama mshahara wako ni shilingi 1,000 kwa siku ya saa 8, basi programu ya shilingi 500 ni saa 4 za nyundo, jua na mataruma. Jiulize: itanirudishia saa 4? Ikiwa inamfundisha mtoto hesabu naye huifungua kila jioni, labda ndiyo. Ikiwa inapamba picha za harusi iliyokwisha kupita, jibu unalo mwenyewe.

La tatu: Naweza kushuka nikitaka? Hapa wengi huanguka. Ninyi wa mizigo mwajua kwamba mwenye mali asipoteremsha shehena yake kwa wakati, hutozwa kwa kila siku behewa linapolala. Programu nyingi siku hizi haziuzwi mara moja, hukodishwa kwa mwezi. Hukupa siku 7 za bure, nawe huweka namba ya malipo. Siku ya 8 behewa limeanza kutozwa, na mwenye mali amelala. Tena yafaa mjue jambo hili: kuifuta programu katika simu si sawa na kuukata mkataba wake. Katika duka la programu la Google hapana budi uingie mahali pa malipo ya kila mwezi, ukatishe huko. Usipofanya hivyo, programu imetoka katika simu lakini ada yaendelea kama kawaida.

Sasa tuje kwa zile ziitwazo za bure. Mwaka 2013 tume ya serikali ya Marekani inayoangalia biashara ilimshika mwenye programu ya tochi iliyokuwa imechukuliwa na watu mamilioni. Tochi ile haikuwa na bei. Lakini kila ulipoiwasha, ilipeleka habari za mahali ulipo kwa watu wa matangazo, bila ya kukueleza wazi. Sisi wa njia ya reli twatumia tochi usiku, twajua kazi yake ni kumulika. Tochi inayotaka kujua uko wapi ni tochi ya mtu mwingine.

Ndugu zangu, tumefika mahali penye uzito. Programu iliyo ghali kuliko zote katika Homa Bay na Migori siyo ile yenye bei dukani. Ni ile inayoshuka bure, ikakukaribisha kwa jina lako, ikakuuliza: "Unataka shilingi ngapi?" Twasema juu ya programu za mikopo.

Tufanye hesabu. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30. Ilikuwa wazi, imeandikwa, na wengi waliokopa mara moja kwa shida ya kweli walisaidika. Lakini tuchukue mtu akopaye 5,000 kila mwezi kwa ada ya namna hiyo. Kila mwezi atoa 375. Kwa miezi 12 ametoa 4,500, karibu sawa na mkopo wenyewe, na mwezi wa kumi na tatu bado ana haja ya 5,000 zile zile. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza 1 kwa mia kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kwa 5,000 hiyo ni 50. Serikali nayo ilipozindua Hustler Fund mwezi wa Novemba 2022, ilitangaza 8 kwa mia kwa mwaka. Na zipo programu ambazo ada yake ilizidi hata ile 7.5. Basi ni ipi programu ghali, ndugu?

Tena kuna jambo linalokihusu chama hasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria ilitaka mfanyakazi abaki na theluthi moja ya kula na jamaa yake. Sasa tuseme mshahara wako ni 30,000. Makato ya 20,000 yakishatoka, waenda nyumbani na 10,000. Lakini mkopo wa simu haupiti kwa karani wa mishahara. Wenyewe wakungoja mlangoni. Walipa 5,375, wabaki na 4,625, na kabla ya tarehe 10 umekwisha kufungua programu tena. Theluthi ile iliyolindwa na sheria inaliwa mahali ambapo karatasi ya mshahara haionyeshi. Na sisi viongozi tukienda mezani kudai nyongeza, nyongeza yenyewe imekwisha kuwekwa rehani.

Wala fedha siyo hasara peke yake. Yuko mwenzetu aliyechelewa siku chache tu, na wakopeshaji wakampigia mama mkwe wake simu. Ninyi nyote mwajua heshima iliyopo kati ya mtu na mkwe wake katika nchi hii. Deni lile lilikwisha kulipwa, lakini aibu ile hailipiki. Namba ya mama mkwe waliipata wapi? Katika simu yake mwenyewe, siku aliyobonyeza neno la kukubali.

Basi mjue haki yenu. Bunge lilibadili sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni zilizotoka Machi 2022 zinamtaka mkopeshaji wa namna hii awe na leseni ya Benki Kuu. Kanuni hizo zinakataza vitisho, matusi, na kupigia simu watu walio katika orodha ya mdaiwa kwa ajili ya deni lake. Iko pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ofisi ya kupeleka malalamiko. Mtu asiogope. Ahifadhi ujumbe aliopelekewa, aandike tarehe na saa, aje kwa katibu wa tawi.

Neno moja kwa waajiri, maana wao nao wamo. Siku hizi zamu hutangazwa kwa simu, fomu hujazwa kwa simu, picha ya kazi iliyofanyika hutakiwa kwa simu. Ni vizuri, kazi yaenda upesi. Lakini simu ni ya nani? Bando ni la nani? Mfanyakazi haendi kazini na taruma lake mwenyewe. Kama kazi yataka programu, basi programu hiyo na bando lake ni vyombo vya kazi, na mwenye kazi anunue vyombo.

Mwenyekiti, hatutaki kusema maneno matupu tukaenda zetu. Twaomba mkutano ukubali mambo haya:

1. Kila tawi liwe na daftari la programu. Mwanachama aliyelipia programu aandike bei, ada ya mwezi, na kama ilimsaidia. Anayetaka kununua asome kwanza.

2. Asikope mtu katika programu yoyote kabla ya kutazama orodha ya wakopeshaji wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu. Asiyejua kuitazama amwombe katibu, si aibu.

3. Chama chetu cha akiba na mikopo kiombwe kuanzisha mkopo mdogo wa dharura unaotoka siku hiyo hiyo. Watu hukimbilia simu kwa sababu mtoto hawezi kungoja kikao cha kamati.

4. Habari ya bando na programu za kazi iwekwe katika madai yetu ya mwaka ujao.

Kwa wale watakaouliza tena, programu ghali zastahili bei yake au hazistahili, jibu letu ni hili: ile yenye bei iliyo wazi, yenye kurudisha zaidi ya ilichochukua, na yenye mlango wa kutokea, lipeni bila kuona uchungu. Ile isiyosema bei yake mpaka mmekwisha kupanda, iacheni stesheni, hata ikiitwa ya bure.

Katibu yuko nyuma pale na daftari la kwanza, na kalamu ipo.