Siri ya Mkopaji Hailindwi Benki Tu



Iko dhana iliyozagaa Kibaha na Kisarawe kwamba siri ya fedha za mtu hulindwa benki peke yake. Mwalimu anayekopa katika kiofisi cha mikopo hukabidhi hati ya mshahara, namba za simu za jamaa zake, na mara nyingine hata kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, akidhani kuwa mkopeshaji asiye benki hafungwi na sheria yoyote. Dhana hiyo si ya kweli.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni wale wapokeao amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wakopeshao bila kupokea amana, wakiwamo wakopeshao kwa simu. Hao huomba leseni Benki Kuu. SACCOS ni daraja la tatu, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA, ambavyo husajiliwa kwenye halmashauri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekwenda mbali zaidi. Haiulizi kama mwenye daftari ni benki; huuliza kama anakusanya taarifa za watu. Miamala ya fedha ya mtu imehesabiwa humo miongoni mwa taarifa nyeti.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wananchi walikwisha kuzijua tabia za wakopeshaji wa namna hiyo: mdaiwa akichelewa, simu hupigwa kwa shemeji, kwa jirani, hata kwa mkuu wa shule. Kudai ni haki ya mkopeshaji. Kumfedhehesha mdaiwa si sehemu ya haki hiyo.

Vikundi navyo havina budi kujitazama. Kusoma madeni mbele ya wanachama ni utaratibu wao. Kuyabandika majina ya wadaiwa katika ubao wa kijiji ni jambo jingine kabisa. Vivyo hivyo karani wa serikali anayempa mkopeshaji hati ya mshahara ya mwenziwe bila ridhaa yake: naye anaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.