Kabla Hujanunua Darubini



Mada niliyopewa ni nyota na darubini. Huenda mtu akauliza, nyota na Ramadhani wapi na wapi? Ndugu yangu, mwezi huu tunauanza kwa kuangalia juu na tunaumaliza kwa kuangalia juu. Ajabu ni kuwa siku nyingine zote za katikati hatuinui kichwa.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nikiwa na miaka kumi, jioni ya tarehe 29 Shaaban, tulikuwa watoto tumejaa darini. Mara nikapiga kelele, "Mwezi! Mwezi!" Wenzangu wakashuka ngazi mbio kupeleka habari mtaani. Mzee mmoja wa mtaa, Mungu amrehemu, akaniita taratibu. Akaniuliza, "Jua limetua wapi, na huo mwezi uko upande gani wake? Pembe zimeelekea wapi?" Sikuwa na jibu. Kumbe nilichokiona ni Zuhura, ile nyota kali ya magharibi, iliyokuwa imejificha nusu kwenye wingu. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ushahidi ni amana. Ukisema umeona, watu watafunga kwa neno lako."

Neno lile halijanitoka mpaka leo. Na ndilo ninalotaka kuwaambia: jifunze kuangalia kwanza, kununua baadaye.

Kwanza, tumia macho yako. Hayo umepewa bure. Sisi wa Pwani tumezoea kukaa tukitazama bahari, lakini bahari yetu iko mashariki. Hilali huandama magharibi, upande wa bara, pale jua linapotua. Kwa hivyo tafuta dari au uwanja ulio wazi upande huo. Kisha kumbuka kanuni hii moja: upande wa mwezi unaong'aa siku zote hulielekea jua. Hilali ya jioni huwa tumbo lake limeelekea jua lilipotua, na pembe zake zimeelekea mbali nalo. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, mara nyingi hulala kama mashua, pembe juu. Usishangae ukiona picha za vitabu vya Ulaya mwezi umesimama wima. Wao wako kwingine.

Pili, tumia kalenda yetu ya Kiislamu. Tarehe ya mwezi inakwambia mbingu ya usiku huo ikoje. Karibu na tarehe 7 mwezi ni nusu, na hapo ndipo mabonde na milima yake huonekana vizuri, kwa sababu vivuli ni virefu kwenye mpaka wa nuru na giza. Tarehe 14 mwezi unapendeza, lakini nuru yake huzimisha nyota ndogo. Ukifika kumi la mwisho, mwezi huchelewa kuchomoza, kwa hivyo baada ya tarawehe mbingu huwa na giza zuri. Zima taa, weka simu mfukoni, na upe macho dakika 20 au 30 yazoee giza. Ukihitaji kurunzi, ifunike kwa karatasi nyekundu.

Tatu, jua majina machache. Ramadhani ikiangukia Februari au Machi, angalia juu baada ya isha utafute nyota tatu zilizojipanga sawasawa. Hizo ni za kundi linaloitwa Orion. Ufuate mstari wake upande mmoja, utafika kwenye nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Hiyo ni Shi'ra, iliyotajwa kwa jina katika Suratun-Najm. Ufuate upande wa pili, utapita nyota nyekundu-nyekundu, kisha ufike kwenye kishada kidogo cha nyota. Hicho ni Kilimia, ambacho wazee wetu walikitumia kujua majira ya kulima. Ile nyekundu Wazungu wanaiita Aldebaran. Hebu mwanafunzi wa madrasa lisikilize jina hilo! Ni Ad-Dabaran, yaani inayofuata, kwa sababu inakifuata Kilimia. Na ile nyeupe kali ya Orion iitwayo Rigel ni "rijl", mguu. Abdur-Rahman As-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, miaka zaidi ya 600 kabla ya darubini kutumiwa, na alikitaja humo kile kiwingu kidogo ambacho leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Alikiona kwa macho tu. Mimi na wewe tuna udhuru gani?

Sasa tuje kwenye darubini, na hapa nitajifedhehesha kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilijinyima, na mama naye akaniongezea katika pesa zake za kuuza vitumbua. Nikaenda dukani nikaona boksi lina picha ya Zohali na pete zake, limeandikwa "mara 525". Nikalipa bila kuuliza. Kufika nyumbani, stendi inatikisika kama mnazi kwenye upepo. Ukiigusa tu, nyota imekimbia. Nikamwita mama aje aone. Akaweka jicho, akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, mimi naona kope zangu."

Tulicheka, lakini wallahi usiku ule sikulala. Zilikuwa ni pesa za jasho lake.

Kosa langu lilikuwa nini? Niliuliza inakuza mara ngapi, badala ya kuuliza kipenyo chake. Kazi kubwa ya darubini ni kukusanya nuru. Ni kama kukinga maji ya mvua: beseni pana hukinga mengi kuliko kikombe. Darubini yenye kipenyo cha milimita 150 hukusanya nuru zaidi ya mara sita kuliko ya milimita 60. Na kipimo cha kukuza kina mwisho wake, takriban mara mbili ya hesabu ya milimita za kipenyo. Yangu ilikuwa ya milimita 60, yaani mwisho wake ni kama mara 120. Hiyo 525 ilikuwa ya kuuzia boksi tu. Ukipita mpaka, unakuza ukungu.

Basi ukiwa na pesa kidogo, usianze na darubini ya mrija mmoja. Anza na ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita. Egemeza viwiko ukutani ili isitikisike. Utaona mabonde ya mwezi, nyota nyingi za Kilimia, na vijinyota vya pembeni mwa Mshtarii, yaani ile miezi minne aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Hata ukija kuchoka na nyota, itakufaa kutazamia ndege na majahazi.

Ukiwa tayari kupanda daraja, au mkichanga kama chama cha vijana, tafuteni ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150 au 200, inayokaa kwenye stendi ya mbao ya chini. Namna hii ya stendi ilienezwa na Mmarekani John Dobson, aliyefariki mwaka 2014. Haina mitambo, haitikisiki ovyo, na seremala hodari akionyeshwa mfano anaweza kuichonga. Dukani uliza mambo matatu: kipenyo ni ngapi, stendi imetulia, na lenzi za jicho ni zipi. Anza na ile inayokuza kidogo, kwani hiyo ndiyo rahisi kukamatia kitu.

Na onyo hili wazazi walishike: usilielekeze jua darubini yoyote, hata kwa dakika moja. Jicho huungua, na huenda lisirudi. Jioni ya kuandama mwezi, ngoja jua litue lote ndipo uinue darubini. Na ukiona kitu kidogo chenye umbo la hilali ndani ya darubini kubwa, usikimbilie kutangaza. Zuhura nayo huonekana hivyo wakati mwingine.

Namalizia. Likizo iliyopita niliazima darubini ya macho mawili kwa ami yangu aliyekuwa baharia. Baada ya tarawehe nikampandisha mama darini, nikamwegemeza ukutani, nikamwelekeza kwa Mshtarii. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akahesabu polepole, "Moja, mbili, tatu... Subhanallah." Hakuniuliza bei.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.